Kompyuta Inayosaidia Kusoma Picha za Moyo



Neno "nyuklia" likitajwa, wengi wetu hufikiria mabomu na vita. Kwa hiyo mtu akiambiwa na daktari kwamba atafanyiwa kipimo cha nyuklia cha moyo, anaweza kukosa usingizi wiki nzima. Siku hizi familia nyingi zina mtoto au ndugu anayeishi Marekani au Ulaya, na habari za namna hii hufika nyumbani kwa simu: "Mama mkubwa amepigwa picha ya moyo kwa dawa ya mionzi." Kabla watu hawajatulia, inakuja simu ya pili: "Kompyuta imeona kivuli kwenye moyo." Basi nyumba nzima inaingia katika hofu.

Je, kivuli hicho ni nini? Je, kompyuta inaweza kujua ugonjwa wa mtu? Ni nani aliyeifundisha? Katika makala haya tutaeleza kipimo hicho, na hasa programu za kompyuta zinazotumika kukisoma, kama ile iliyotengenezwa katika mji wa Atlanta, Marekani. Tutaona faida yake, na tutaona pia inapoweza kukosea.

MOYO NAO HUHITAJI DAMU

Moyo ni pampu ya msuli. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa moyo umejaa damu muda wote, wenyewe hauwezi kukosa damu. Sivyo. Msuli wa moyo hulishwa na mishipa yake maalumu inayoutambaa kwa nje, kama mizizi inavyolizunguka jiwe. Mishipa hiyo ikianza kuziba kwa mafuta, sehemu ya msuli hupata damu kidogo.

Mtu akiwa amekaa kitini, damu hiyo kidogo inaweza kutosha. Akipanda mlima au akibeba ndoo ya maji, moyo hudai damu zaidi na mshipa uliobanwa hauwezi kuileta. Hapo ndipo kifua hubana, pumzi hukatika, au maumivu huelekea begani, mkononi au kwenye taya. Mshipa ukiziba kabisa, sehemu ile ya msuli hufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Kwa hiyo swali la daktari ni hili: Je, kila sehemu ya msuli wa moyo inapata damu ya kutosha, wakati wa kupumzika na wakati wa kazi? Kipimo tunachozungumzia hujibu swali hilo bila kupasua mwili.

PICHA HUPIGWAJE?

Mgonjwa hudungwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo katika mshipa wa mkono. Dawa inayotumika sana ni teknesiamu iliyounganishwa na kemikali inayopenda kuingia katika msuli wa moyo. Dawa hufuata damu. Sehemu yenye damu nyingi hupokea dawa nyingi, na sehemu yenye damu kidogo hupokea kidogo.

Sindano hutolewa mara mbili: moja mgonjwa akiwa amepumzika, na nyingine moyo ukiwa umefanyishwa kazi. Kuufanyisha kazi ni kutembea kwenye mashine yenye mkanda unaozunguka. Asiyeweza kutembea, kwa mfano mzee mwenye maumivu ya magoti, hupewa dawa ya kupanua mishipa ya moyo.

Baada ya kusubiri kidogo, mgonjwa hulala chini ya kamera maalumu. Kamera hii haitoi mionzi. Inapokea tu ile inayotoka mwilini mwake, kama vile jicho linavyopokea mwanga wa taa. Mwanasayansi Hal Anger wa California ndiye aliyebuni kamera ya namna hii katika miaka ya 1950. Kwa moyo, kamera huzunguka nusu duara na kuchukua picha 60 au zaidi kutoka pande mbalimbali. Kompyuta huziunganisha na kuukata moyo vipande vyembamba, bila kisu, kama mtu akatavyo mkate ili aone ndani.

Sehemu ikionekana hafifu baada ya kazi, lakini ikang'aa vizuri wakati wa kupumzika, ina maana msuli uko hai ila mshipa wake umebanwa. Sehemu ikiwa hafifu mara zote mbili, huenda kuna kovu la shambulio la zamani. Nasema "huenda", na sababu yake tutaiona hapo mbele.

KWA NINI KOMPYUTA ILIHITAJIKA?

Zamani daktari alizitazama picha hizo kwa macho tu na kusema, "Hapa ni hafifu, hapa ni sawa." Shida ni kwamba madaktari wawili waliweza kutazama picha ile ile na kutoa majibu mawili. Hata daktari mmoja aliweza kusema hivi asubuhi, na jioni akiwa amechoka akasema vingine. Picha za moyo hazina kingo kali kama picha za harusi. Zinafanana na taa inayoonekana katika ukungu.

Wataalamu wakaona kwamba kompyuta inaweza kuhesabu mwanga wa kila sehemu na kutoa namba. Mwaka 1985 Ernest Garcia na wenzake katika hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, walichapisha njia ya kufanya hivyo kwa picha za vipande. Ili kuielewa, fikiria kawa ya ukindu ya kufunikia chakula. Chumba kikubwa cha kushoto cha moyo kina umbo kama hilo: kina ncha upande mmoja na mdomo mpana upande mwingine. Ukiibonyeza kawa mpaka ilale chapa, ncha hukaa katikati na misuko yote huizunguka duara kwa duara. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoulaza moyo mzima juu ya picha moja ya duara. Daktari huona mara moja ni upande gani uliofifia, na ni mshipa upi unaolisha upande huo.

Kisha duara hilo hulinganishwa na maduara ya watu waliokwisha kujulikana kuwa na mioyo mizima. Wanaume hulinganishwa na wanaume na wanawake na wanawake, kwa sababu miili haifanani. Pale ambapo mgonjwa yuko chini kupita kiasi, kompyuta hupaka rangi nyeusi. Hicho ndicho "kivuli" kinachotajwa katika simu.

CHUO KIKUU NA KAMPUNI

Garcia baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Huko yeye na wenzake waliendeleza kazi hiyo hadi wakapata programu iitwayo Emory Cardiac Toolbox, yaani sanduku la vifaa vya moyo. Kampuni ya Syntermed ya mji huo huo ndiyo inayoipeleka programu hiyo mahospitalini. Haiko peke yake. Cedars-Sinai wana yao, ambayo Guido Germano na wenzake waliitangaza mwaka 1995 kwa njia ya kupima nguvu ya moyo bila mkono wa mtu. Chuo Kikuu cha Michigan nacho kilitoa programu ambayo leo hutolewa na kampuni ya INVIA ya mji wa Ann Arbor.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kampuni iingie katika kazi ya chuo kikuu? Jibu ni kwamba ugunduzi ulioandikwa kwenye karatasi haumfikii mgonjwa wenyewe. Lazima mtu aufanye ufungamane na kamera za viwanda mbalimbali, aupatie kibali cha serikali, awafundishe watumiaji, na apokee simu kompyuta inapogoma saa mbili asubuhi huku wagonjwa wako kwenye foleni. Kazi hiyo ni ya kampuni.

Lakini fedha zikiingia, ni haki watu wajue. Watafiti wa Emory wanapochapisha habari za programu hii, hueleza wazi kwamba baadhi yao hupata sehemu ya mapato ya mauzo. Ni desturi nzuri. Anayesifu shamba aseme kwanza kama ni lake.

Wataalamu hao walijaribu pia kuweka ujuzi wa madaktari ndani ya kompyuta. Waliwahoji madaktari wazoefu jinsi wanavyofikiri na kuandika sheria zaidi ya 200 za namna ya "ikiwa hivi, basi vile." Mfumo huo uliitwa PERFEX. Watu walikuwa wakiifundisha kompyuta kufikiri kwa hatua muda mrefu kabla ya kelele za sasa za akili bandia.

KIVULI AMBACHO SI UGONJWA

Sasa tufike kwenye jambo linalowagusa hasa akina mama.

Tuseme yuko mama wa miaka 58 mwenye mwili mnene. Amekuwa akibanwa kifua. Picha yake inaonyesha kivuli upande wa mbele wa moyo, baada ya kazi na wakati wa kupumzika vilevile. Kwa hesabu ya kawaida, hilo ni kovu. Mama anaambiwa kwamba aliwahi kupata shambulio la moyo bila kujua. Anaweza kupelekwa kuingizwa mpira mwembamba kwenye mishipa, apewe dawa za maisha, na tangu siku hiyo aogope hata kumbeba mjukuu.

Lakini mionzi kutoka moyoni hupita katika ziwa la kushoto kabla ya kuifikia kamera. Ziwa likiwa kubwa hupunguza mionzi hiyo, kama pazia zito linavyopunguza mwanga wa dirisha. Kwa wanaume, jambo kama hilo hutokea upande wa chini wa moyo kwa sababu ya msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kivuli kipo kweli kwenye picha, lakini hakipo kwenye moyo.

Tutajuaje? Hapa kompyuta ilileta msaada mkubwa. Mgonjwa hufungwa nyaya za kupima umeme wa moyo, na kila pigo la moyo hugawanywa katika picha 8 au 16. Zikichezeshwa mfululizo, moyo huonekana ukijikunja na kujikunjua kama sinema. Kovu ni msuli uliokufa, hivyo halijikunji vizuri. Sehemu yenye kivuli ikijikunja na kunenepa sawasawa na nyingine, basi huenda kivuli ni cha ziwa, si cha ugonjwa. Tangu njia hii ienee katika miaka ya 1990, wagonjwa wengi, hasa wanawake, wameepushwa na hukumu ya bure.

Yako mengine ya kusaidia. Mgonjwa anaweza kupigwa picha ya pili akiwa amelala kifudifudi. Kivuli kikihama au kikitoweka, hakikuwa kovu, maana kovu halihami.

Sinema hiyo hutoa pia namba muhimu: ni sehemu gani ya damu iliyomo chumbani inayosukumwa nje kwa pigo moja. Chumba kikijaa mililita 120 na kusukuma mililita 72, hiyo ni asilimia 60. Moyo wenye afya kwa kawaida husukuma nusu ya damu hiyo au zaidi. Ikishuka hadi asilimia 30, moyo umechoka sana na matibabu hubadilika.

KOMPYUTA HUKOSEA WAPI?

Kompyuta haijui kwamba haijui. Mtu lazima aikague. Haya ndiyo makosa ya kuangaliwa:

1. Kushika kitu kisicho moyo. Dawa hii huingia pia katika ini na matumbo, ambayo yako jirani na sehemu ya chini ya moyo. Utumbo ukiwaka sana, programu inaweza kuuhesabu kama msuli wa moyo. Mtaalamu huangalia mstari uliochorwa na kompyuta na kuusahihisha, au hungoja na kupiga picha upya.

2. Mgonjwa kutikisika. Picha huchukua dakika kadhaa. Akikohoa, akisogea au akisinzia na kushtuka, moyo huonekana umekatika, na kompyuta inaweza kuita hilo ugonjwa.

3. Moyo mdogo. Wanawake wengi wana mioyo midogo. Kwa kuwa kamera haioni kingo vizuri, chumba kidogo huonekana kama kinajifunga chote, na namba ya nguvu ya moyo huwa kubwa kuliko ukweli.

4. Mishipa yote kubanwa sawasawa. Hili ndilo kosa la hatari zaidi. Kompyuta hulinganisha kila sehemu na ile inayong'aa kuliko zote. Kama mishipa yote mitatu mikubwa imebanwa kwa kiasi kilekile, moyo wote hufifia pamoja na hakuna kinachoonekana kuwa hafifu kuliko kingine. Ni kama nyumba ambayo umeme umepungua: taa zote zimefifia, na aliye ndani hajui tena mwanga kamili ulikuwaje. Mgonjwa mahututi anaweza kupewa jibu la "kawaida."

Ndiyo maana daktari mwangalifu hatazami duara peke yake. Huuliza: Je, chumba cha moyo kilipanuka baada ya kazi? Je, nguvu ilishuka? Kipimo cha umeme kilisema nini? Na zaidi ya yote, mgonjwa mwenyewe anasemaje? Mtu akiendelea kubanwa kifua kila anapopanda ngazi, jibu zuri la kompyuta halimalizi maneno. Ana haki ya kurudi na kusema, "Daktari, bado naumwa."

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

Je, mionzi hiyo itaniletea madhara?

Kipimo chote kwa dawa ya teknesiamu humpa mtu mionzi inayokaribia ile ambayo mwili hupokea kwa miaka michache kutoka ardhini, angani na katika chakula. Hatari yake ni ndogo, lakini haifai kurudiarudia bila sababu. Nguvu ya teknesiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Kesho yake karibu yote imekwisha.

Nina mimba au ninanyonyesha. Je?

Useme mapema, kabla ya sindano. Mwenye mimba kwa kawaida huahirishiwa au hupewa kipimo kingine. Anayenyonyesha huelekezwa la kufanya kulingana na dawa iliyotumika. Usione haya.

Kwa nini nimekatazwa chai na kahawa?

Chai ya majani, kahawa, koka na chokoleti huzuia kazi ya dawa zinazopanua mishipa ya moyo. Mgonjwa akinywa kikombe kimoja kwa siri, moyo haufanyi kazi iliyokusudiwa, na mshipa uliobanwa unaweza kuonekana mzima. Kompyuta haitajua kwamba ulikunywa chai. Fuata saa ulizoambiwa, na kama umesahau, sema ukweli.

Nina pumu. Je?

Mwambie daktari kabla. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Taja pia dawa zote unazotumia, pamoja na za miti shamba. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako.

Je, naweza kusafiri baada ya kipimo?

Unaweza. Lakini vipo vifaa vya kugundua mionzi mipakani na kwenye viwanja vya ndege, na wagonjwa wamewahi kuviamsha. Omba barua ya hospitali, uitunze pamoja na pasi yako.

DAWA YENYEWE HUTOKA WAPI?

Teknesiamu haiwezi kuwekwa kabatini kama aspirini, maana huisha. Huzaliwa kutokana na molibdenamu inayotengenezwa katika tanuri chache za nyuklia duniani na kusafirishwa kwa ndege. Mwaka 2009 tanuri ya Chalk River, Kanada, ilifungwa kwa sababu ya uvujaji na haikuwashwa tena hadi Agosti 2010. Hospitali za nchi nyingi ziliahirisha vipimo au zikarudia dawa ya zamani ya thaliamu. Programu nzuri kuliko zote haina kazi kama sindano haikufika.

Hilo linatusaidia kuelewa kwa nini kipimo hiki si cha kila hospitali. Kinahitaji kamera, dawa inayowahi, umeme usiokatika na watu waliosomea. Hapa Tanzania, tiba ya nyuklia imekuwa ikitolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, lakini hospitali zetu nyingi za vijijini hazina kamera ya namna hiyo.

TULIO MBALI NA KAMERA TUFANYE NINI?

Tusidhani kwamba bila mashine hiyo hatuna la kufanya. Mishipa ya moyo huharibiwa na mambo tunayoweza kuyapima karibu na nyumbani: shinikizo la damu, kisukari na unene. Tumbaku tunaiona wenyewe bila kipimo. Nenda ukapimwe shinikizo la damu hata kama hujisikii kuumwa. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu tu umepata nafuu.

Na mtu akibanwa kifua ghafla, akatoka jasho la baridi, akakosa pumzi au akapata maumivu yanayokwenda mkononi au kwenye taya, asingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali saa ile ile. Kwa akina mama dalili zinaweza kuwa uchovu mzito, kichefuchefu au maumivu ya mgongo, na mara nyingi huambiwa ni mawazo tu. Wasikilizwe.

Kwa wale wenye ndugu ng'ambo waliopigiwa simu ya "kivuli", ushauri wangu ni huu. Msianze kulia. Mwambieni mgonjwa amwulize daktari wake maswali matatu: Je, kivuli kinaonekana wakati wa kupumzika pia? Je, sehemu hiyo inajikunja vizuri? Je, kuna aliyeikagua hesabu ya kompyuta kwa macho yake? Majibu ya maswali hayo yatawaambia mengi kuliko rangi nyeusi kwenye duara.

Kompyuta imewasaidia madaktari kuona kwa usawa na kwa namba yale waliyokuwa wakiyakisia. Lakini inahesabu mwanga tu. Maumivu ya mgonjwa haiyaoni, wala haijui kama alikunywa chai asubuhi. Hayo ni kazi ya mgonjwa kuyasema na ya daktari na muuguzi kuyasikiliza.

Nawatakia afya njema.